Kigoda cha Bibi na Mti wa Radi

Nilipokuwa mtoto wa gauni moja, la shule hilohilo na la kanisani hilohilo, sikuweza kutulia mawingu yakianza kushuka kutoka mlima Shengena. Nilitoka nje, nikaingia ndani, nikachungulia mlangoni, nikafunika chungu cha makande na kukifunua tena bila sababu. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto hana kituo kabisa." Alisema kweli, na sijapona. Leo ni mtu mzima, naishi Same mjini ambako mvua mara nyingi tunaiona kwa macho tu ikiwanyeshea watu wa milimani, lakini ngurumo ya mbali ikisikika nainuka kitini. Wanangu wananicheka. Nawaacha wacheke, maana hawakuwapo siku ile ya mabenchi.

Kwetu Chome, huko milimani, mti uliopigwa na radi ulikuwa hauguswi. Hukati tawi, huokoti kuni, huchumi hata uyoga unaoota kwenye gogo lake. Unaachwa pale uoze wenyewe. Bibi yangu Namkunda, mama yake baba, alikuwa na maneno mafupi juu ya jambo hilo. Alisema, "Kilicho chake atakirudia." Hakusema ni nani atakayerudi, na sisi hatukuuliza.

Alikuwa na sababu zake. Babu sikumwona, alipigwa na radi shambani akipalilia mahindi, wakati baba yangu bado anabebwa mgongoni. Jembe alilokuwa ameshika lilikuwa na mpini aliouchonga mwenyewe kutoka tawi la mti uliopigwa msimu uliotangulia. Mti ulikuwa mgumu na umenyooka, naye hakuwa mtu wa kuacha kitu kizuri kioze. Bibi alitusimulia habari hiyo bila kuipamba, jinsi mtu anavyomwelekeza mgeni njia. Kwake haikuwa hadithi ya kutishia watoto. Ilikuwa sababu ya yeye kulima peke yake maisha yake yote.

Baba, Eliamini, alikulia ndani ya habari hiyo, na nadhani ndiyo iliyomfanya awe Mkristo mgumu. Alikuwa fundi seremala. Hakutaka kabisa kuamini kwamba baba yake aliuawa na mpini wa jembe. "Mungu si bwana misitu, mama," alikuwa akimwambia Bibi, "hata afuatilie magogo ya watu mpaka majumbani."

"Ninyi mnampenda tu," Bibi alimjibu. "Mimi nampenda na namwogopa."

Msimwone Bibi kuwa mpagani. Alikuwa amebatizwa na kupata kipaimara, na sauti yake ya pili katika kwaya ya akina mama ilisikika mpaka barabarani. Jumapili hakukosa. Ila mambo ya radi aliyajua kabla hajamjua mwinjilisti, na hakuona kwa nini jambo moja lilifukuze jingine.

Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Duka la ushirika lilikuwa na rafu, kaunta na muuzaji anayesinzia, bidhaa hakuna. Sabuni ikipatikana, habari inafika kijiji cha Bombo kabla ya sabuni yenyewe. Misumari ndiyo usiseme. Msitu ulikuwa umefungwa, na bwana misitu wa wakati huo hakuwa na masihara, kwa hiyo baba alishinda uani akinoa patasi ambazo hazikuwa na kazi. Inahuzunisha kumwona mtu mzima ananoa kitu ambacho tayari kina makali. Niliona aibu kwa niaba yake, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu, nikatoka kwenda kuzurura.

Halafu biashara ikaanza kufunguliwa. Malori yakapanda kutoka Same na mitumba, na misumari, na mabati. Watu wa mtaa wetu wakachangishana, wengine kwa kahawa, wengine kwa kuku, tukaezeka kanisa kwa bati linalong'aa hata ukiwa mlima wa pili unaliona. Ndani, tuliendelea kukalia magogo na mawe. Mwinjilisti wetu, mzee mfupi mwenye utani, alisema kanisa limevaa kofia na halina suruali.

Ndipo, kwenye vuli ya mwaka ule, radi ikapasua mti mkubwa wa mkulo uliosimama pembeni mwa uwanja wa kanisa, nje ya mpaka wa msitu. Ulipasuka katikati toka juu mpaka chini. Harufu yake, ile ya dawa ambayo mkulo unayo, ilijaa bonde zima mpaka asubuhi. Watu walikuja, wakautazama kwa mbali, wakarudi makwao. Baba peke yake aliusogelea. Nilimwona akiweka kiganja kwenye ubavu wa mti ule, akaanza kuupima kwa mikono.

Alipoomba ruhusa ya kuupasua atengeneze mabenchi, mwinjilisti alikubali hata kabla hajamaliza kusema. "Ni zawadi," alisema. "Mungu mwenyewe ameukata. Tutangoja nini zaidi?" Wazee wa kanisa walikohoa, wakatazama viatu vyao, wakakubali pia. Lakini kupasua mbao kwa msumeno wa mkono kunataka watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni, na katika wote waliokubali kwa mdomo hakupatikana hata mmoja wa kushika upande wa pili. Mmoja alikuwa na mgongo, mwingine alikuwa na mgeni, mwingine alikuwa na ng'ombe aliyekaribia kuzaa, na ng'ombe huyo alikaribia kuzaa mpaka kazi ilipokwisha.

Aliyemwokoa baba ni Filimoni, Muha mmoja aliyepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge huko bondeni, akapanda mlimani kutafuta vibarua. Alipoelezwa habari za radi alicheka sana. "Sisi Kigoma tuna radi za kweli," alisema. "Hizi zenu ni watoto. Tena radi ya hapa hata jina langu haijui." Akavua shati, akaingia shimoni.

Bibi hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alimngoja baba jioni ile kwenye mpaka wa migomba yetu, amesimama na fimbo yake, akasema, "Baba, wewe ni mkubwa, sikukatazi kazi. Lakini mti ule usivuke hapa. Hata vumbi lake lisivuke."

"Mama, hii ni mbao tu."

"Na ule ulikuwa mpini tu."

 Tangu jioni hiyo mpaka kazi ilipokwisha, baba alivua nguo za kazi kwenye migomba, akaoga kwenye mfereji maji baridi ya kukata mifupa, akaingia nyumbani amejifunga khanga ya mama. Khanga yenyewe ilikuwa na maua mekundu. Watoto wa jirani walijua saa, wakawa wanakuja kukaa ukingoni kumwangalia fundi Eliamini akipita na maua yake. Alikuwa ananung'unika njia nzima kwamba mtu aliyeokoka hafanyiwi hivi. Lakini alioga. Kisha Bibi alimnusa, begani na kichwani, kama anavyonusa maziwa kujua kama yamechacha. Harufu ya mkulo ikiwapo, alirudishwa mferejini. Tulicheka, na mama alicheka kuliko sote. Bibi peke yake hakucheka. Usiku nilimsikia akigeukageuka kitandani, maana nililala naye, na mara nyingine alitaja jina la babu katikati ya maombi yake.

Mabenchi yalipokaribia kwisha, mwinjilisti akanichagua mimi nisome zaburi siku ya kuyaweka wakfu. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa, si kwa tabia njema. Zaburi yenyewe ni ile ya ngurumo, inayosema sauti ya Bwana iko juu ya maji, inavunja mierezi, inatikisa nyika, inauvua msitu majani. Baba alinisikiliza kila jioni. Aliipenda mno. Alikuwa pia akiupenda ule mwisho wa Ayubu, Mungu anapomuuliza maskini yule kama anaweza kuuagiza umeme nao ukaenda, ukarudi, ukaitika kwamba upo. Baba alikuwa akisema, "Unaona, Naelijwa? Umeme unatumwa. Una mwenyewe. Hautembei ovyo kutafuta mipini."

Jioni moja nilikuwa nasoma kwa sauti karibu na moto, Bibi akimenya ndizi. Nilipofika kwenye ile mierezi alisimamisha kisu.

"Rudia."

Nikarudia.

"Si nilisema?" akamgeukia baba. "Hata kitabu chako kinasema. Ni yeye anayeivunja. Kwa sauti yake mwenyewe! Kitu Mungu amekivunja kwa mkono wake, wewe unakwenda kukipiga randa? Umemwomba?"

"Mama, zaburi inamsifu. Haisemi tusiguse."

"Inasema tumwogope. Soma tena, mjukuu wangu, umsomee baba yako vizuri."

Nilitazama huku na huku, kitabu mkononi. Maneno yaleyale, na kila mmoja alikuwa ameyashika upande wake kama msumeno wa shimoni. Sikujua nimsomee nani. Nikasema nimebanwa na haja, nikatoka nje.

Jumapili ya kuweka wakfu ilikuja katika masika. Toka asubuhi Shengena haukuonekana. Hewa ilikuwa nzito, mbuzi walilia bila kuacha, na mimi nilikuwa nimefungua na kufunga kitufe cha gauni mpaka kikang'oka. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, meupe, laini, yananukia. Baba hakuweka msumari hata mmoja. Aliyaunganisha kwa vijiti vya mti mgumu, na siku zote alisema ni kwa sababu kazi ya namna hiyo hudumu. Mimi nadhani alijua watu wangesema chuma kinaita radi, akaona apunguze maneno.

Watu waliingia, wakayasifu, wakayakalia ukingoni tu, jinsi mtu anavyokaa kwenye nyumba yenye mbwa. Bibi aliingia wa mwisho. Alikuwa amebeba kigoda chake cha jikoni, kile cha kukalia anapopepeta. Alikiweka nyuma kabisa karibu na mlango, akakaa, akaiweka fimbo magotini, akatazama mbele. Baba, aliyekuwa benchi la kwanza, aligeuka akamwona. Aliona pia watu wanavyomwona. Akageuka mbele tena kwa aibu, nami nilimchukia Bibi kidogo kwa hilo.

Nikaitwa. Nikasimama mbele nikiwatazama watu wote, nikaanza. Nilikuwa nimefika kwenye maji mengi wakati umeme ulipowasha madirisha yote pamoja, na kabla sijafumba macho ngurumo ikapiga, juu ya bati lile jipya, mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye kenchi. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Mkutano mzima ulisimama. Hakuna aliyewaambia. Wazee wa kanisa, kwaya, akina mama na watoto wao, wote waliruka kutoka kwenye mabenchi kama wameungua, wakajibana ukutani na mlangoni. Hata mwinjilisti, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha zamani, alijikuta amesimama.

Baba alibaki peke yake. Amekaa benchi la kwanza, katikati, na nyuma yake mabenchi matupu mpaka mwisho.

Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, kwa hiyo niliona ambacho wengine hawakukiona. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa benchi, na ilikuwa inatetemeka.  Yule mtu aliyesema Mungu si bwana misitu alikuwa anaogopa kuliko sisi sote, na alikuwa anaogopa jambo lilelile analoliogopa mama yake. Nikaelewa kwa nini hasimami. Akisimama yeye, hakuna atakayekaa tena. Mabenchi yale yatatolewa nje yaoze karibu na kisiki chao, na baba yake atakuwa ameuawa na mpini kweli. Nilitaka kumkimbilia, lakini miguu yangu, ambayo siku zote haikujua kutulia, siku hiyo ilikataa kuondoka pale.

Umeme ukapiga tena. Ndipo nikaona watu wa mlangoni wanasukumwa. Bibi alikuwa anapita. Kigoda alikiacha kilipokuwa. Alikuja katikati ya mabenchi matupu akigonga fimbo chini, bila haraka, akafika mbele, akamtazama mwanawe. Nilidhani atamvuta mkono amtoe nje. Badala yake aligeuka, akakusanya khanga zake, akakaa. Alikaa kwenye mti wa radi, bega kwa bega na baba, akaivua khanga ya kichwani akamfunika nayo kichwa na mabega, vile wanavyofunikwa watoto wachanga wakipitishwa kwenye baridi. Kisha akainua uso kuelekea kwenye bati.

"Haya," alisema, kwa ile sauti yake ya kwaya. "Kama umekuja kumchukua, tupo wawili."

Ngurumo ikaja. Nilifumba macho. Nilipofumbua walikuwa bado wapo, wamekaa, na baba chini ya khanga alikuwa analia waziwazi bila kujificha.

"Soma, mwanangu," baba aliniambia. "Malizia."

Nikasoma. Zaburi ile, kama mnaijua, inakwisha kwa amani. Baada ya kuvunja na kutikisa kote kule, Bwana anawapa watu wake amani. Lakini mvua ilikuwa imeshamwagika juu ya bati, na hakuna aliyenisikia. Niliisoma kwa kupiga kelele, na wao wakaona mdomo wangu tu ukifunguka na kufungika. Wa kwanza kurudi kukaa alikuwa Filimoni, ambaye kumbe naye alikuwa ameruka na wengine, na radi zake zote za Kigoma. Kisha mwinjilisti akaja akakaa upande wa pili wa Bibi. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, na mvua ilipopungua kanisa lilikuwa limekaa.

Hakuna kilichopigwa siku hiyo. Baba alilitaja jambo hilo njiani tukirudi, kwa upole, na Bibi akamwambia asimtanie. Kwake radi ilikuja, ikamkuta hayuko peke yake, ikaondoka, habari imekwisha. Hakubadilika. Jioni ileile alimzuia baba kwenye migomba, akamnusa suti yake ya kanisani, akamtuma mferejini. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa amekaa pale, alikwenda akaoga baada yake, huku anatetemeka kwa baridi na kumlaumu baba kwa kila kopo la maji.

Jumapili zilizofuata alirudi na kigoda chake. Kukiwa kweupe alikaa nyuma karibu na mlango, na mabenchi hakuyagusa hata kwa fimbo. Ila siku ambazo wingu lilitanda Shengena, alikiacha kigoda nyumbani. Aliingia kanisani mikono mitupu, akapita mpaka mbele, akaketi ubavuni mwa mwanawe mpaka hali ya hewa itulie. Alifanya hivyo mpaka alipofariki, kitandani mwake, kwa uzee.

Nimeisikia zaburi ile mara nyingi tangu hapo. Huku mjini husomwa polepole, feni zinazunguka, na watu wanaitikia amina wakiwa wameegemea viti. Hunikera kidogo. Nadhani aliyeitunga alikuwa amesimama karibu na mti ukapasuka, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kama ya baba. Alimsifu Mungu akiwa anaogopa, na sijui kama zamani walikuwa na njia nyingine ya kumsifu. Haisemi kwa nini mkulo huu na si ule. Haisemi kwa nini babu. Ayubu naye aliuliza, akajibiwa kwa maswali mpaka akanyamaza. Baba na Bibi walibishana miaka yote hiyo juu ya nani anayeutuma umeme na unafuata nini, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Siku ulipokuja, walikuwa benchi moja.

Kanisa sasa lina viti vya plastiki. Baba alipewa benchi la kwanza, na liko barazani kwake, ng'ambo ya migomba ambayo Bibi alikataza livuke. Nilimuuliza mara moja kama haogopi. Akasema anaogopa, tena sana, hasa usingizi ukimpaa na mvua inakuja.

Kwa hiyo masika ikianza, mimi nisiye na kituo nafunga duka langu Same, natafuta gari la kupanda Chome, na barabara mnaijua ilivyo. Nafika nimejaa matope. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Hanisalimii zaidi ya hapo, anasogea kidogo kwenye benchi, ananiachia nafasi upande uleule wa mama yake. Tunakaa tunatazama wingu likishuka, na mimi, ngurumo ikianza, siinuki.